Jani Moja, Majibu Mawili: Upande Unakotoka Mwanga katika Hadubini ya Fluoresensi

Katika msimu wa mvua, afisa ugani anayehudumia wakulima wa kahawa wa Mbozi alileta majani ya miche ya kitaluni kwenye maabara moja ya kufundishia jijini Mbeya, akaomba ajibiwe swali moja tu: spora (chembe ndogo za uzazi wa kuvu) za kutu ya majani zilizokwisha kuiangukia miche ile zimeota, au bado zimelala? Majani yenyewe yalikuwa ya kijani safi. Hayakuwa na doa la njano upande wa juu, wala ule unga wa rangi ya chungwa ambao kila mkulima wa kahawa anaujua upande wa chini. Mafundi sanifu wawili walitazama vipande vya jani lile lile, vilivyotiwa rangi ile ile kwa utaratibu ule ule, kila mmoja kwenye hadubini yake. Wa kwanza aliandika kwamba hakuona dalili yoyote ya kuota. Wa pili aliandika kwamba spora nyingi zimeota na mirija yake imekwisha kufika kwenye stomata, yaani vitundu ambavyo jani hupumulia.

Majibu hayo mawili hayawezi kupelekwa shambani kwa pamoja. Kuvu aletaye kutu ya majani, Hemileia vastatrix, huingia ndani ya jani la kahawa kupitia stomata, na stomata za jani la kahawa ziko upande wa chini peke yake. Spora ikipata maji yaliyotuama juu ya jani, huota kwa saa chache, hutoa mrija mwembamba unaotambaa juu ya ngozi ya jani, na mrija ukifika kwenye stomata huvimba ncha na kujibandika hapo kabla ya kupenya. Viuakuvu vya shaba, ambavyo ndivyo wakulima wengi wamevizoea, hulinda jani kwa kuizuia spora isiote. Kuvu akishaingia ndani, shaba iliyobaki juu ya ngozi haimfuati. Kwa hiyo swali la afisa ugani lilikuwa swali la fedha na la muda, na aliyelijibu vibaya angemwingiza mkulima katika gharama isiyo na tija au angemwacha bila kinga.

Rangi iliyotumika ni Calcofluor White, ambayo hujishika kwenye kaitini, inayojenga kuta za kuvu, na selulosi, inayojenga kuta za mimea. Ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno au wa zambarau iliyokolea, hutoa mwanga wa buluu wenye kilele karibu na nanomita 440 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na kumulikwa kwa mwanga wa aina moja na kutoa wa aina nyingine namna hii ndiko kunakoitwa fluoresensi. Kipande cha jani kiliwekwa kwenye slaidi upande wa chini wa jani ukitazama juu, yaani ukiielekea lenzi, kikatiwa tone la rangi na kufunikwa kwa kioo chembamba. Kwa kuwa ngozi ya jani zima ina tabaka la nta, rangi haiingii kwa urahisi katika kuta za seli za mmea, na kinachopaswa kuwaka ni kile kilicho juu ya ngozi: spora na mirija yake. Utaratibu huo ni mzuri, na hakuna fundi aliyeukiuka.

Hadubini zenyewe ndizo zilizotofautiana. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida ya darasani, iliyofanyiwa marekebisho: taa yake ya chini ilibadilishwa ikawekwa taa ya LED ya nanomita 385, na kichujio kinachozuia mwanga wote ulio chini ya nanomita 420 kikawekwa kichwani, kabla ya lenzi za macho. Mwanga wake ulipanda kupitia kondensa, yaani lenzi ya chini inayokusanya mwanga kwenye kielelezo, ukapenya slaidi, ukapenya jani, ndipo ukaingia kwenye lenzi. Ya pili ilikuwa na taa ya mawimbi yayo hayo iliyofungwa nyuma, na ndani yake kioo kilichoinamishwa nyuzi 45 ambacho huakisi mwanga mfupi na kupitisha mwanga mrefu. Mwanga ulishuka kupitia lenzi ile ile ya kutazamia, ukagonga jani kutoka juu, na mwanga wa buluu uliotolewa na rangi ukapanda kwa njia hiyo hiyo. Kichujio chake cha kuzuia kilikuwa sawa na kile cha hadubini ya kwanza. Ukiacha upande unakotoka mwanga, kilichotofautiana kati ya mashine hizi kilikuwa kidogo mno.

Hata hivyo, jambo hilo halikuwa la kwanza kushukiwa. Kwanza ilishukiwa rangi, kwa sababu Calcofluor iliyokaa wazi kwenye mwanga hupungua nguvu. Slaidi zikabadilishwa: ile iliyosemwa haina kitu ikapelekwa kwenye hadubini ya pili, na mirija ikaonekana dhahiri, ile ya pili ikaletwa kwenye ya kwanza, na haikuonyesha kitu ila ukungu wa wekundu hafifu. Kosa, basi, halikuwa kwenye slaidi. Ikashukiwa taa ya hadubini ya kwanza, kwamba labda imefifia au ni ya mawimbi mengine, na hapo lilifanyika jaribio ambalo ningependa kila maabara yetu ilijue kwa urahisi wake. Karatasi nyeupe ya ofisini hutiwa kiwandani dawa za kung'arisha ambazo ni jamaa wa karibu wa Calcofluor, na zinapatikana pia katika sabuni ya unga. Nyuzi chache zilizokwanguliwa kwenye ukingo wa karatasi ziliwekwa ndani ya tone la maji na kutazamwa. Kwenye hadubini zote mbili ziliwaka buluu kali. Taa ya kwanza ilikuwa nzima, kichujio chake kilikuwa kizima, na jicho la fundi lilikuwa zima.

Jaribio lililokata shauri lilikuwa jingine. Hadubini ya kwanza iliachwa na jani lake, na kichujio chake, na fundi wake, ila taa ya chini ikazimwa. Lenzi ya mara 10 ikawekwa, kwa kuwa chini yake bado kuna nafasi ya milimita kadhaa ambayo mwanga unaweza kupita. Lenzi ya mara 40 hubakiza chini ya milimita moja na isingefaa. Kisha tochi ndogo ya urujuanimno, ya aina ile wanayotumia wenye maduka kukagulia noti, ikaelekezwa kwenye jani kutoka ubavuni, kwa mshazari, huku chumba kikiwa na giza na kila mtu akiwa ameonywa asiitazame tochi hiyo moja kwa moja. Mirija ikaonekana. Haikuwa mikali kama kwenye hadubini ya pili, lakini ilikuwa pale, nyuzi za buluu zikitoka kwenye spora zenye umbo la figo na kuishia kwenye vivimbe vidogo. Fundi aliyekuwa ameandika kwamba hakuona kitu alinyanyua uso, akamwuliza mwenzake, "Dada, hili ni jani lile lile nililolitazama asubuhi?" Lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni upande tu.

Sababu yake ilionekana zamani, kabla hajatokea mtu wa kutengeneza hadubini ya fluoresensi. Mwaka 1845 John Herschel, Mwingereza, alitazama myeyusho wa kwinini, dawa ile ile chungu ambayo wazee wetu wengi waliinywa kwa malaria, akaona kwamba ingawa ni mweupe kama maji, una utando wa buluu mahali pale tu ambapo mwanga wa jua unaingilia. Ndani zaidi ya chombo buluu ilikoma. Aliona pia kwamba mwanga uliokwisha kupita katika myeyusho mmoja hauwezi tena kuamsha buluu hiyo katika myeyusho wa pili. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza kinachotendeka: mwanga wa mawimbi mafupi hunyonywa na dutu, nayo hutoa mwanga wa mawimbi marefu zaidi. Mwanga wa kuchochea hutumika njiani, na kile kilicho mbali na mlango wake hupata masazo. Fluoresensi huwaka pale mwanga wa kuchochea unapofika, wala haiwaki pengine, hata kama dutu ipo kwa wingi.

Sasa litazamwe jani la kahawa kwa macho hayo. Upande wake wa juu, chini tu ya ngozi, zimepangwa seli ndefu zilizojaa klorofili. Upande wake wa chini kuna seli zilizoachana, zenye nafasi za hewa, na ngozi yenye stomata. Jani la kijani hunyonya zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa buluu unaoliangukia, na kwa mwanga wa zambarau na urujuanimno hali haiwi nafuu, kwa sababu mbali na klorofili, ngozi ya jani ina viambata vya fenoli vinavyonyonya mawimbi hayo. Kipande kilipowekwa upande wa chini ukiielekea lenzi, taa ya hadubini ya kwanza ilikutana kwanza na upande wa juu wa jani, yaani na tabaka lenye kiu kubwa kuliko yote. Mwanga wa nanomita 385 uliishia humo. Klorofili iliyoushiba ilitoa mwekundu wake, na mwekundu huo ndio uliopanda hadi jichoni. Mirija ya kuvu, iliyokaa upande wa pili kabisa, haikupata mwanga wa kutosha kuwaka. Ilikuwa imetiwa rangi vizuri na imebaki gizani.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni kugeuza jani. Jambo hilo lilijaribiwa, na matokeo yake ndiyo yaliyonivutia kuliko yote katika kisa hiki. Kipande kilipogeuzwa, upande wenye kuvu ukaielekea taa ya chini, rangi bila shaka iliwaka kwa nguvu. Lakini mwanga wake wa buluu sasa ulipaswa kupanda katika unene wote wa jani ili kuifikia lenzi. Klorofili a hunyonya sana karibu na nanomita 430, na klorofili b karibu na nanomita 453, na Calcofluor hutoa mwanga wake katikati ya mawimbi hayo hayo. Kilichookolewa kikatawanywa na nafasi za hewa ndani ya jani, kiasi kwamba hata pale palipokuwa na mng'ao, hapakuwa na mstari. Kwa njia ya kwanza jani liliuzuia mwanga wa kuchochea usifike. Kwa njia ya pili liliuzuia mwanga uliotolewa usitoke. Hadubini inayomulika kutoka chini hulipitisha jani zima katika hesabu, hata kama kinachotafutwa kiko juu ya ngozi moja tu.

Wekundu wenyewe ulikuwa na habari yake. Klorofili ndani ya jani hutoa mwanga wenye vilele viwili, kimoja karibu na nanomita 685 na kingine karibu na 735. Cha kwanza kinaangukia mahali ambapo klorofili yenyewe inaweza kunyonya tena, cha pili hakinyonyeki sana. Mwanga unaotolewa upande wa taa na kutazamwa upande wa pili hupoteza sehemu kubwa ya kile kilele cha 685 njiani, na kinachobaki ni wekundu wa mbali ambao jicho la binadamu haliuoni vizuri. Ndiyo maana wekundu wa hadubini ya kwanza ulikuwa mzito na hafifu, ilhali ule wa hadubini ya pili, uliotoka upande ule ule uliomulikwa, ulikuwa mwekundu wa wazi. Kwa hiyo, mtu anayelinganisha rangi za fluoresensi kutoka mashine mbili bila kuuliza mwanga ulitokea wapi anaweza kudhani mimea ina afya tofauti, kumbe ni safari ya mwanga tu iliyotofautiana.

Liko jambo la pili, tofauti na la unene, na lingekuwepo hata kama jani lingekuwa jembamba. Taa iliyo chini huelekea moja kwa moja kwenye jicho. Mwanga wa fluoresensi ni hafifu mara maelfu mengi kuliko ule unaouchochea, na kichujio cha kuzuia ndicho pekee kinachosimama kati ya macho na taa yote. Kikipitisha hata chembe ndogo, chembe hiyo huwa kubwa kuliko kinachotafutwa, na mandhari ambayo ingekuwa nyeusi hugeuka ukungu. Taa ikitoka juu, mwanga wa kuchochea unaendelea na safari yake kuelekea chini, mbali na jicho. Kinachorudi ni kile kilichoakisiwa, na kioo huakisi takribani asilimia 4 tu kwenye kila uso wake unaokutana na hewa. Hicho kidogo hukutana tena na kioo kilichoinamishwa, ambacho hukirudisha kwenye taa kabla ya kichujio kumaliza kazi. Tochi ya ubavuni ilifaulu kwa sababu iyo hiyo: mng'ao wake juu ya kifuniko cha kioo ulielekea upande mwingine, na haukuingia kwenye lenzi.

Waliotengeneza hadubini za kwanza za fluoresensi huko Ulaya, katika miaka ya mwanzo ya 1910, waliijua shida hii. Walimulika kutoka chini, lakini wakatumia kondensa ya uwanja mweusi, ambayo hupeleka mwanga kwa mshazari mkali kiasi kwamba usipogonga kitu huikosa lenzi kabisa. Mbinu hiyo bado inafaa kwa maabara yenye hadubini ya taa ya chini na isiyo na uwezo wa kununua nyingine, mradi kielelezo kiwe chembamba. Njia ya kumulika kutoka juu kwa kioo kinachogawa rangi ilienea baada ya kazi ya Johan Sebastiaan Ploem nchini Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mwishoni fundi wa hadubini ya kwanza alitoa hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima: kwa uzoefu wake, hadubini ile huonyesha vizuri zaidi kwa lenzi ndogo, na picha hufifia anapopanda kwenye lenzi kubwa, wakati mwenzake husema kinyume. Wote wawili wako sahihi. Ung'avu wa picha ya fluoresensi hutegemea namba ya upenyo ya lenzi, yaani upana wa pembe ambayo lenzi inaweza kupokea mwanga, na hutegemea pia ukuzaji. Mwanga ukitoka juu, lenzi hufanya kazi mbili, kumulika na kupokea, kwa hiyo ung'avu hufuata namba ya upenyo ikizidishwa yenyewe mara nne, na kugawanywa kwa kipeo cha pili cha ukuzaji. Mwanga ukitoka chini, kumulika ni kazi ya kondensa isiyobadilika, na lenzi hubaki na kazi ya kupokea tu, hivyo namba yake ya upenyo huingia kwa kipeo cha pili. Tukichukua lenzi za kawaida za mara 10 yenye upenyo wa 0.25 na ya mara 40 yenye upenyo wa 0.65, hesabu inatoa kwamba katika umulikaji wa juu lenzi ya mara 40 huwa na ung'avu unaokaribia mara 3 ya ule wa mara 10, na katika umulikaji wa chini lenzi ya mara 10 ndiyo inayoishinda ile ya mara 40 kwa zaidi ya mara 2. Fundi aliyezoea mashine ya kwanza, akifuata mazoea yake mazuri, hupanda kwenye lenzi kubwa ili ahakikishe, na hapo hapo hupoteza ung'avu. Aliyefunzwa kwenye mashine ya pili hufanya kitendo hicho hicho na akapata zaidi.

Haifuati kutoka hapa kwamba hadubini ya taa ya chini itupwe. Vipande vingine vya jani vililowekwa katika mchanganyiko wa ethanoli na asidi asetiki mpaka klorofili ikaisha, vikaoshwa taratibu ili spora zisichukuliwe na maji, ndipo vikatiwa rangi. Jani likabaki kama karatasi ya mafuta, na hadubini zote mbili zikaonyesha mirija ile ile, ingawa sasa hata kuta za seli za mmea zilishika rangi na kuwaka nyuma yake. Vivyo hivyo, makohozi ya kupima kifua kikuu yaliyopakwa vizuri na kutiwa rangi ya auramini ni utando mwembamba usio na klorofili. Hapo upande wa mwanga hauamui kama kijidudu kitawaka, unaamua zaidi jinsi mandhari yatakavyokuwa meusi. Ni vizuri jambo hili lieleweke mikoani kwetu, kwa sababu tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza hadubini za fluoresensi za LED kwa kifua kikuu mwaka 2011, mafundi wengi wamejifunza fluoresensi kwenye slaidi za makohozi, na wanapoletewa jani, mzizi au kipande cha nyama huja na matarajio ya kielelezo chembamba. Utando mnene wa makohozi, uliopakwa kwa haraka, huanza nao kuwa na tabia za jani.

Majibu ya afisa ugani yaliandikwa upya. Yalieleza kwamba spora zimeota upande wa chini wa majani, kwamba mirija mingi imefika kwenye stomata na vivimbe vimejibandika, na kwamba uchunguzi ulifanywa kwa mwanga uliotoka upande wa lenzi, upande wa chini wa jani ukiielekea lenzi hiyo. Aliambiwa pia kwamba majani yale hayawezi kuhesabiwa kuwa salama kwa kupigwa shaba, bali machipukizi yatakayofuata yanaweza kulindwa mapema, kabla ya usiku mwingine wa mvua. Jibu la kwanza halikufutwa katika daftari la maabara. Lilibaki na nyongeza pembeni kwamba mwanga wake ulitoka chini na ulipita katika jani zima, na fomu ya kupokea vielelezo ikaongezewa mistari miwili: mwanga unatoka upande gani, na upande gani wa kielelezo unaielekea lenzi.